Uzi maalumu: Panga za kale za askari wa farasi. Soma chuma kabla hujasikiliza hadithi

Mfua Chuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu kuhusu kitara (upanga uliopinda) anachouziwa mtandaoni kwa maelezo kwamba "kilipigana Waterloo", yaani kwenye vita vya 1815 alivyoshindwa Napoleon. Majibu yote yakaishia kwenye bei, na hakuna aliyemwambia akipime wala akitazame mgongo, yaani upande usio na makali. Roho iliniuma, kwa hiyo nafungua uzi kamili.

Naishi Birmingham, Uingereza, mji ambako panga nyingi za jeshi la farasi la Waingereza zilifuliwa, na kazi ya kukusanya nimeianza zamani. Ninachotaka mkishike ni kimoja: hadithi ya muuzaji msiilipie hata senti. Lipieni chuma, kwa kuwa chuma kina maandishi, kina vipimo, kina majeraha, na vyote hivyo unaweza kuvisoma mwenyewe ukifundishwa.

Nianze na kitara ninachokipenda kuliko vyote, cha askari wa farasi wepesi, mwaka 1796.

Katika vita vya Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo, 1793 hadi 1795, ofisa kijana aitwaye John Gaspard Le Marchant aliona wapanda farasi wa Kiingereza wakiumizwa na panga zao wenyewe. Zilikuwa ndefu, hazina mizani, na askari hawakuwa wamefundishwa kuzitumia, hivyo wakawa wanajijeruhi na kujeruhi farasi wao. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Austria alimwambia Waingereza wanapiga upanga utadhani wanachanja kuni. Le Marchant aliporudi alikaa na Henry Osborn, mfua panga wa hapa Birmingham, wakabuni kitara kipya. Mwaka huohuo wa 1796 jeshi likatoa mwongozo wake wa mazoezi ya upanga kwa askari wote wa farasi. Mwenyewe aliuawa Salamanca, Hispania, tarehe 22 Julai 1812, akiongoza shambulio la farasi.

Kitara chenyewe kina ubapa (chuma chenyewe kinachokata) wa sentimita 83 hivi, umepinda sawasawa, na badala ya kusinyaa kuelekea ncha unazidi kupanuka. Ukikiona kwenye picha utadhani ni kizito. Bila ala, hakifiki kilo moja au kinaigusa tu. Siri iko kwenye unene. Pale ubapa unapotoka kwenye kinga ya mkono, mgongo una milimita 8 au 9. Ukiufuata kwa kidole unapungua, unaendelea kupungua, hadi karibu na ncha umebaki milimita 2 au 3. Fundi aliondoa chuma kwenye unene akakihamishia kwenye upana, ndiyo maana sehemu ya mbele inakata vile na mkono hauchoki. Waprusi walikikubali kiasi cha kutengeneza cha kwao cha mwaka 1811 kwa mfano huohuo, ambacho wakusanyaji hukiita cha Blücher, kwa jina la jemadari wao.

Sasa geuza kitara, mgongo uwe juu, utazame sentimita chache za kwanza kutoka kwenye kinga. Hapo ndipo mfuaji alipopiga jina lake: Osborn, Gill, Woolley, Dawes, Craven. Ukikuta Runkel, huyo alikuwa mfanyabiashara wa London aliyeagiza bapa kutoka Solingen, Ujerumani. Kisha tazama ubavuni, palepale kwenye shina. Muhuri mdogo wa taji na namba chini yake ni wa mkaguzi wa serikali, kwamba ubapa ulijaribiwa ukapita. Cha askari wa kawaida kina muhuri huo. Cha ofisa, ambaye alijinunulia mwenyewe, mara nyingi hakina, na badala yake unaweza kukuta nakshi, rangi ya buluu na dhahabu, pamoja na herufi za mfalme.

Hayo majina ya Birmingham yana historia ya ushindani mkali. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba upanga wa maana ni wa Mjerumani tu. Thomas Gill wa hapa alikataa. Mwaka 1786 Kampuni ya India Mashariki, ile ya Waingereza iliyokuwa na jeshi lake India, ilipoagiza panga za wapanda farasi kwa wafuaji mbalimbali, zikapitishwa kwenye majaribio ya kupindwa na kupigwa, na panga za Gill zilizokataliwa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, pungufu hata ya zile za Wajerumani. Za Waingereza wengine zilikataliwa kwa mamia. Ndiyo maana nikiona jina la Gill kwenye mgongo wa upanga uliochakaa mapigo ya moyo yanabadilika.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

Msomaji Mkimya

Nipo siti ya mbele kabisa. Mkuu, swali: mtu anawezaje kujua kwamba upanga fulani ulikuwepo Waterloo kweli? Maana kila muuzaji ana Waterloo yake.

Mfua Chuma

Mara nyingi hawezi kujua, na anayekuambia anajua mdai ushahidi.

Ngoja nikupe mfano mzuri. Mwaka huohuo wa 1796 ulitoka pia upanga wa farasi wazito. Ule umenyooka, ubapa wa sentimita 89 hivi, umefuata upanga wa Austria, na kinga yake ni sahani ya chuma iliyotobolewa matundu. Ncha yake ilitoka kiwandani imekatwa kama shoka, haikuchongoka. Kabla ya Waterloo, Juni 1815, vikosi vilisaga ncha hizo zikawa kama za mkuki ili ziweze kuchoma. Kikosi cha Scots Greys kilitumia upanga wa aina hii, na Sajini Charles Ewart wa kikosi hicho ndiye aliyeteka tai, sanamu ya juu ya mlingoti wa bendera, ya kikosi cha 45 cha Wafaransa siku ile.

Kwa hiyo muuzaji anakuonyesha ncha iliyosagwa na kusema "umeona, Waterloo!" Hapana. Ncha iliyosagwa inakuambia ncha ilisagwa, basi, na wapo waliosaga baadaye. Ila kuna jambo la pili la kutazama kwenye panga hizi. Sahani ya kinga, upande unaoelekea mwili wa askari, mara nyingi imekatwa ikawa bapa. Ilikuwa inasugua sare na kumchoma mtu kiunoni anapotembea. Mnunuzi mgeni anadhani ni uharibifu na kuomba punguzo. Mimi nikiuona mkato ule wa zamani, umeshika rangi sawa na sehemu nyingine ya sahani, nafurahi, kwani ni alama ya upanga ulioishi jeshini.

Kilicho karibu zaidi na ushahidi ni chapa ya kikosi. Askari wa kawaida hakuwa na jina kwenye upanga wake. Alikuwa na herufi na namba zilizogongwa kwenye kinga au kwenye mdomo wa ala: kifupi cha kikosi, herufi ya kundi lake, halafu namba ya silaha. Ukipata chapa ya kikosi kilichokuwepo mahali fulani, na upanga wa aina iliyotumika miaka ile, umepata pa kuanzia. Namba ya ala ikifanana na ya upanga umebahatika. Nyingi hazifanani, ala zilikuwa zikichanganywa stoo, na hilo lisikutishe.

Makali nayo yana habari zake. Wakati wa amani panga za jeshi hazikunolewa, zilikaa butu. Amri ya kunoa ilitoka wakati wa kwenda vitani. Kwa hiyo ukikuta makali yaliyonolewa zamani kwa jiwe au tupa, mikwaruzo yake imezama chini ya utandu wa uzee, huo ni upanga ulioandaliwa kwa kazi. Makali yanayong'aa juu ya ubapa uliofifia yamenolewa juzi na mtu aliyetaka kukatia matawi.

Nikiwa hapohapo kwenye makali. Kapteni Louis Nolan, yule aliyekufa vitani Balaclava, kule Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854, aliandika mwaka 1853 kuhusu wapanda farasi wa Nizam, mtawala wa Hyderabad kule India, waliokuwa wakikata kwa ukali wa kutisha vitani hadi watu wakadhani wana panga za ajabu. Alipochunguza akakuta ni bapa kuukuu za Kiingereza, zilizotupwa na jeshi, zikavishwa mipini mipya na kunolewa kama wembe. Tofauti ilikuwa matunzo: ala zao zilikuwa za mbao, na upanga haukuchomolewa ovyo, ulitoka siku ya kazi tu. Ala ya chuma ya Mwingereza ilikuwa inakula makali kila farasi anapochapa mwendo. Chuma ni kilekile. Kila nikishika ala ile nzito ya chuma nawaza ni panga ngapi nzuri ziliharibiwa na nyumba yake yenyewe.

Kaka wa Ubungo

Mkuu, mimi ndiye niliyeuliza mwanzo kuhusu kile kitara. Nilimwomba muuzaji apime kama ulivyoelekeza. Amesema unene ni milimita 5 mwanzo mwisho. Mgongo hauna jina. Kinga ni ya shaba nyeupe hivi, inang'aa, na ubapa una vishimo vya kutu kila mahali sawasawa. Ala ni ya ngozi. Anasema mgongo hauna jina kwa sababu ya uzee.

Mfua Chuma

Achana nacho, mkuu. Hiyo ni kopi.

Tuiangalie hatua kwa hatua, iwafae na wengine.

Unene usiopungua ndio msumari wa kwanza. Kopi hukatwa kwenye bamba la chuma la unene mmoja na kusagwa umbo. Upanga wa jeshi ulifuliwa kwa moto na nyundo, ukapunguzwa unene kwa makusudi, kwani bila hivyo hauna mizani mkononi. Hili haliwezi kufichwa na tindikali wala masizi. Kama utakuwa na kifaa kimoja tu mfukoni, kiwe kalipa, kile cha kupimia unene.

Kinga na ala. Kitara cha askari cha 1796 kina kinga ya chuma na ala ya chuma yenye pete mbili. Shaba na ngozi pale zina walakini.

Vishimo. Kutu ya kweli haina usawa. Inauma zaidi pale mkono ulipogusa, pale maji yalipoingilia mdomo wa ala, pale ncha ilipokaa kwenye unyevu uliotuama chini. Sehemu nyingine unakuta bado zina mng'ao wa karne mbili zilizopita. Ubapa uliotobokatoboka sawasawa kuanzia shina hadi ncha umepakwa tindikali.

Jina halifutwi na uzee peke yake. Lilipigwa kwa patasi na nyundo, likazama. Likifutika ni kwa kusagwa, na ukisaga utaona mgongo umebonyea.

Kopi hizi nyingi zinatoka India, ambako wanatengeneza kwa ajili ya maigizo ya vita na mapambo kwa miaka mingi sasa, na wengi wa watengenezaji wanaziuza kwa uwazi kama kopi. Tatizo linaanza kwa mtu wa kati anayefuta chapa ya India na kuweka Waterloo. Kopi zilizozagaa kupita zote ni za kitara cha Marekani cha 1860, kile cha vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Cha kweli kina chapa kwenye shina la ubapa: upande mmoja mtengenezaji, mfano Ames wa Chicopee, Massachusetts, upande wa pili herufi US, vifupi vya jina la mkaguzi na mwaka. Tahadhari, kuna chapa za kughushi pia. Herufi za kweli ni ndogo, zimezama, kingo zake zimelainika. Za kughushi zina kingo kali na kina kisicholingana.

Na kwa wanaopenda za Wafaransa, ninyi mmependelewa. Kiwanda cha Klingenthal, kule Alsace, kilikuwa kikiandika kwa mkono wa nakshi kwenye mgongo jina la kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kufuliwa. Wakati wa Napoleon kiwanda kinajiita cha dola ya kaizari, waliporudi wafalme wa Bourbon jina likabadilika, kwa hiyo jina na mwaka lazima vipatane. Ukiona maandishi ya dola ya Napoleon na mwaka 1820, funga mkoba. Baada ya vita vile Wafaransa waliona Klingenthal iko karibu mno na mpaka, wakaanzisha kiwanda Châtellerault, ndani zaidi ya nchi, mwaka 1819. Sijawahi kuchoka kusoma mgongo wa upanga wa Kifaransa. Mstari mmoja mwembamba wa maandishi ya mlazo, na ndani yake kuna mabadiliko ya serikali nzima.

Nakuru Juu

Asante sana ndugu, nimejifunza mengi. Mimi niko Nakuru, na nimetafuta panga za farasi hapa Kenya kwa wazee na kwa wauza vitu vya kale, napata tu sime na mikuki. Wazungu walikuwa hapa na farasi wao, hizo panga zilienda wapi?

Mwalimu Historia

Naomba nimjibu huyu, ni eneo langu.

Ndugu, farasi wa vita hawakupata nafasi huku kwa sababu ya mbung'o. Ugonjwa anaoueneza, nagana, unaua farasi, na juu yake kuna homa ya farasi inayoletwa na visubi. Vita vya 1914 vilipoanza, walowezi wa Nairobi waliunda kikosi cha wapanda farasi, East African Mounted Rifles. Silaha yao ilikuwa bunduki. Baadhi walianza na mikuki ya mianzi, kuonyesha hali ilivyokuwa. Walipigana Longido tarehe 3 Novemba 1914, vita vya kwenye miamba na ukungu, ambako upanga wa farasi usingekuwa na kazi.

Mwaka 1916 Jenerali van Deventer aliongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kushuka hadi Kondoa Irangi. Walifika Aprili, mvua zimepamba moto, na farasi mamia wamekufa njiani. Wale nao walikuwa watu wa bunduki, wanapanda ili kusafiri, wanashuka ili kupigana. Kwa hiyo panga za farasi hazikuletwa kwa wingi tangu mwanzo.

Afrika ina panga za farasi, ila kwa majirani wa kaskazini. Ethiopia ina nyanda za juu zisizo na mbung'o, na wapanda farasi walikuwepo Adwa, walipowashinda Waitaliano, tarehe 1 Machi 1896. Kitara chao, gurade, mara nyingi ubapa wake umetoka Ulaya, hasa Solingen, kisha ukavishwa mpini wa pembe na fundi wa kwao. Sudan vilevile kuna kaskara, upanga ulionyooka wenye makali pande mbili. Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, kikosi cha 21 cha Lancers kilipovamia kwa farasi, chuma cha Mwingereza kilikutana na chuma cha Msudani. Mfua Chuma anipe ruhusa kusema kwamba mkusanyaji Mwafrika angeanza na gurade kabla ya Waterloo.

Mfua Chuma

Ruhusa unayo Mwalimu, na nakubaliana nawe kwa moyo wote. Gurade nzuri ni kazi ya mafundi wawili wa mabara mawili. Nimewahi kuishika moja, mpini wa pembe ya kifaru umelainishwa na viganja hadi unapitisha mwanga ukingoni, na ubapa wa Kijerumani una nakshi ya simba wa Yuda. Lakini mwenye kuitaka ajue kuwa pembe ya kifaru ina sheria zake kali za kimataifa. Kuisafirisha bila vibali ni jinai hata kama ni ya kale.

Mdau wa Reading

Mimi niko huku Uingereza kama wewe. Tuzungumzie sheria na bei. Nikitaka kuanza leo bila kuumia mfuko, nianze na nini?

Mfua Chuma

Anza na upanga wa askari wa 1908. Ndio wa mwisho wa jeshi la farasi la Waingereza, ulitengenezwa kwa wingi, bado unapatikana kwa mia chache za pauni, wakati kitara kizuri cha 1796 kitakugharimu zaidi ya hapo.

Wengi wanaudharau kwa sura. Hata Mfalme Edward VII alipoonyeshwa aliuona mbaya, ikabidi abembelezwe kuukubali. Mimi nauheshimu sana. Waingereza walibishana karne nzima, kukata au kuchoma, wakawa wanatengeneza panga za katikati zisizofanya lolote vizuri. Huu wa 1908 ulimaliza ubishi kwa kuchagua: kuchoma tu. Ubapa umenyooka, mwembamba, sentimita 89, mgumu usiopinda ovyo. Kinga ni bakuli kubwa la chuma linalofunika ngumi yote. Mpini wa askari ni wa mchanganyiko wa mpira wenye vijimistari, na una kitako cha kidole gumba. Ukiushika, huna njia ya kuukosea: mkono unanyooka wenyewe na ncha inaelekea mbele, jinsi mpanda farasi anavyotakiwa kuinyoosha akiwa kasi. Karibu na Casteau, Ubelgiji, tarehe 22 Agosti 1914, Kapteni Charles Hornby aliongoza shambulio la farasi na upanga wa aina ya kizazi hiki mkononi, katika pambano la kwanza kabisa la Waingereza na Wajerumani nchi kavu kwenye uwanja wa magharibi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kwenye shina tafuta jina Enfield, Wilkinson au Mole, mishale mipana ya serikali, na mihuri midogo ya wakaguzi yenye taji. Alama ya X ni ya jaribio la kupinda. Mshale wenye herufi I ni mali ya serikali ya India. Tarehe unazoziona zimepigwa mwezi na mwaka, na zinaweza kuwa kadhaa kwani upanga ulikaguliwa upya kila mara.

Sheria: tangu Aprili 2008 hapa Uingereza na Wales ni marufuku kuuza panga zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 na kuendelea, lakini za kale zenye zaidi ya miaka 100 zimeachwa nje ya marufuku hiyo. Hivyo kitara cha 1796 hakina shida, kopi iliyopinda ndiyo ina masharti. Kutembea nao barabarani bila sababu ya msingi ni kosa, uwe wa kale au mpya. Ukinunua, ufunge, uweke kwenye buti la gari, nenda moja kwa moja nyumbani. Anayetaka kuupeleka Tanzania au Kenya aulize forodha na polisi wa kule kabla ya kununua, apate jibu kwa maandishi. Usiweke kitu cha namna hii kwenye kontena la ndugu kimyakimya, utamtia mwenzio matatani.

Kabla hujalipa senti, nenda Leeds ukatazame mkusanyiko wa Royal Armouries. Kuingia ni bure. Simama mbele ya kabati saa nzima ukizoeza jicho.

Kijana wa Moshi

Mkuu samahani, hili linanisumbua. Nina rafiki anataka kunipa upanga wa zamani kama zawadi, ila mama amekataa katakata usiingie ndani, anasema kitu kilichoua mtu hakilali nyumba moja na watoto. Wewe unakaa nao vipi?

Mfua Chuma

Mdogo wangu, nyumba ni ya mama, na neno lake ni la mwisho. Mwombe rafiki akuhifadhie hadi upate kwako.

Kwa upande wangu, navitunza katika chumba kimoja chenye kufuli, watoto hawaingii, na sivitundiki sebuleni. Panga nyingi za askari hazikuua mtu, zilikaa ghalani na kwenye gwaride maisha yake yote. Baadhi ziliua. Sifanyi masihara nazo, sipigi nazo picha za kujishaua, na sipendi mtu anayekuja kwangu akauzungusha upanga hewani kwa kicheko. Mama yako ana hoja, hata kama mimi nimechagua njia nyingine.

Mpenda Kale Unguja

Assalaam alaykum. Sheikh, ahsante kwa ilimu hii. Nyumbani kwetu Unguja upo upanga aliouacha babu, naye alipewa na ofisa Mwingereza aliyekuwa King's African Rifles. Ubapa umenyooka, mwembamba, kinga ni ya chuma imetobolewa kama maua na ndani yake pana herufi G, V na R zimesukwa. Ala ni ya ngozi ya hudhurungi. Kwenye mgongo pana namba. Watu wote wanauita upanga wa farasi. Chuma kimeanza kufanya madoa, na mjomba anataka kuusugua kwa msasa. Tufanyeje?

Mfua Chuma

Waalaykum salaam bwana. Kwanza mzuie mjomba. Msasa usiguse kabisa.

Kwa maelezo yako huo si wa farasi, ni upanga wa ofisa wa askari wa miguu, aina ya 1897, na wala haupungui thamani kwa hilo. Herufi hizo ni za Mfalme George wa Tano, kwa hiyo ulitengenezwa kati ya 1910 na 1936. Ungekuwa na VR ni wa Malkia Victoria, aliyefariki 1901, na wenye E na VII ni wa Edward, 1901 hadi 1910. Ala ya ngozi ya hudhurungi ndiyo waliyovaa kazini, ile ya chuma kinachong'aa ilikuwa ya gwaride.

Hiyo namba ya mgongoni inaweza kuwa hazina. Wilkinson wa London walikuwa wakipiga namba kwenye mgongo wa panga bora za maofisa, na kuziandika daftarini tangu miaka ya 1850. Madaftari mengi yamesalia. Kama ni upanga wao, jina lao litakuwa limechorwa kwenye shina la ubapa, na upande wa pili kuna kijisahani cha shaba chenye nyota ya pembe sita kukizunguka. Namba ikisomeka, mwaka wa kuuzwa unapatikana, na pengine jina la ofisa aliyeununua, mkalilinganisha na jina alilolitaja babu.

Matunzo sasa. Hapo Unguja adui yenu ni chumvi ya hewani. Vua upanga kwenye ala leo hii na usiurudishe, ngozi inanyonya unyevu na ina dawa ya kutengenezea ngozi inayokula chuma. Viweke pamoja lakini mbalimbali. Futa ubapa kwa kitambaa cha pamba na mafuta laini ya mashine, ya cherehani yanafaa, acha usiku mzima, futa tena. Doa jekundu la kutu mbichi lipakwe mafuta, likishalainika ulikwangue taratibu kwa kipande cha shaba au cha pembe. Likigoma kabisa, stiliwaya laini kuliko zote yenye mafuta, kufuata urefu wa ubapa, dakika chache, basi. Rangi ya kijivu na kahawia iliyotulia iacheni, hiyo haiharibu kitu na ndiyo inayothibitisha umri wake. Nakshi za ofisa ziko juujuu tu, msasa ukipita mara moja zimekwenda na hakuna fundi wa kuzirudisha. Mkimaliza pakeni nta ngumu isiyo na maji, tembeza mkono ukiwa na glovu, maana jasho la kidole kimoja likiachwa wiki linachora alama yake kwenye chuma.

Namba usiisugue ili isomeke. Weka juu yake karatasi nyembamba, pitisha penseli laini kwa ubavu, itajitokeza yenyewe. Piga picha ya karatasi hiyo, na picha ya shina la ubapa pande zote mbili, uweke hapa. Kama nyota na kijisahani vipo, nitakuelekeza jinsi ya kuomba kumbukumbu za daftari.